Homa ya maziwa kwa mbwa aliyezaa: inayopungua ni kalsiamu

Mbwa akishazaa, ugonjwa wowote utakaomkuta mwezi huo watu wanauita homa ya maziwa. Titi limevimba: homa ya maziwa. Amekataa chakula: homa ya maziwa. Anatokwa na uchafu unaonuka: jina ni lile lile. Na kwa sababu neno homa limeshatajwa, mtu anakimbilia dawa ya kushusha homa, tena ile ya binadamu iliyobaki kabatini. Hapo siwezi kunyamaza. Parasetamoli na ibuprofeni zinaweza kumuua mbwa, na homa ya maziwa yenyewe haitibiwi kwa dawa ya homa hata kidogo.

Maana yake ni fupi. Homa ya maziwa ni kushuka kwa kalsiamu katika damu ya mama anayenyonyesha, pale maziwa yanapochukua kalsiamu nyingi kuliko anayoipata kwenye chakula na kuichota kwenye mifupa yake. Madaktari wa mifugo huiita pia eklampsia. Huwapata zaidi mbwa wa umbo dogo wenye watoto wengi, na mara nyingi hutokea ndani ya wiki nne za mwanzo baada ya kuzaa, hasa watoto wanapokuwa wamenenepa na wananyonya kwa nguvu.

Jina tumelizoea kutoka kwa ng'ombe wa maziwa, na kwa wafugaji wa ng'ombe huwa halileti shida, maana wanaujua ugonjwa wanaousema. Ng'ombe akipungukiwa kalsiamu, kwa kawaida siku mbili tatu za mwanzo baada ya kuzaa, misuli yake hulegea. Anaanguka, shingo inapindia ubavuni, masikio yanakuwa ya baridi, na joto la mwili linashuka. Kwa hiyo hata kwake hakuna homa.

Kwa mbwa mambo huenda kinyume, ingawa chanzo ni hicho hicho. Kalsiamu ikipungua, neva zake zinakuwa nyepesi kushtuka na kuituma misuli ikaze bila kukoma. Kwa ng'ombe, ujumbe wa neva unakwama kabla ya kufika kwenye msuli, ndiyo maana analegea; kwa mbwa ujumbe unapita, ndiyo maana anakakamaa. Misuli inayotetemeka mfululizo huzalisha joto, na joto la mwili linaweza kuvuka nyuzi 40, hata 41. Mtu akimgusa anasema, "Si ndiyo homa hiyo?" Joto lipo kweli, lakini limeletwa na misuli. Kalsiamu ikirudi kwenye damu, misuli inatulia na joto linashuka lenyewe.

Wengine wakisikia eklampsia wanafikiri ni kifafa cha mimba kinachowapata wanawake. Hapana. Kile cha wanawake huendana na shinikizo la damu la juu na hutibiwa kwa magnesiamu salfeti. Majina yamefanana, maradhi hayafanani.

Sasa ugonjwa wenyewe unavyoanza. Mama anaacha watoto, anainuka, analala, anainuka tena. Anahema mdomo wazi ingawa jioni ni ya baridi. Anajisugua uso kwa mguu au kwenye ukuta kama anayewashwa. Kisha miguu inakuwa migumu, anatembea bila kukunja magoti, mate yanamtoka, nyama za mapajani na za usoni zinarukaruka. Kutoka hapo hadi kuanguka na kupata degedege inaweza kuwa ni saa chache tu, na asipotibiwa hufa. Watoto waondolewe kwake mara moja, wapewe maziwa mbadala ya watoto wa mbwa, na mama afikishwe kwa daktari usiku huo huo. Dawa ni kalsiamu glukoneti inayoingizwa polepole kwenye mshipa huku daktari akisikiliza moyo, kwa sababu ikiingia kwa haraka moyo unaweza kusimama. Usijaribu nyumbani ile chupa ya kalsiamu ya ng'ombe inayouzwa duka la dawa za mifugo.

Titi lililovimba ni jambo jingine. Mkague kila asubuhi titi moja moja kwa vidole. La kawaida limejaa lakini ni laini, na ukikamua kidogo maziwa ni meupe. Lililo gumu, la moto, jekundu au la zambarau, linalomfanya akugeukie ukiligusa, lina uambukizo, yaani ule ugonjwa ambao kwa ng'ombe tunauita wa kiwele. Uchafu unaotoka ukeni nao una yake. Baada ya kuzaa huwa wa kijani iliyokolea, halafu unageuka wekundu wa kahawia na kuendelea kupungua kwa wiki kadhaa. Ukinuka vibaya au ukiwa na usaha, na mama amezubaa hataki chakula, mfuko wa uzazi umepata uambukizo. Mwenye titi la namna hiyo na mwenye uchafu wa namna hiyo ndio wenye homa ya kweli. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2, na siku moja mbili baada ya kuzaa linaweza kuzidi hapo kidogo. Likifika 39.5 na kuendelea, mpigie daktari.

Kinachonikera kuliko yote ni ushauri wa kumpa mbwa mwenye mimba unga wa mifupa au vidonge vya kalsiamu ili asipate homa ya maziwa. Unafanya kinyume cha unachotaka. Shingoni mbwa ana tezi ndogo nne zinazotoa homoni ya kuichota kalsiamu kutoka kwenye ghala la mifupa. Kalsiamu ikiwa nyingi kila siku wakati wa mimba, tezi zinanyamaza. Anapozaa na maziwa kuanza kuchota kwa kasi, zinachelewa kuamka. Mwenye mimba mpe chakula kamili tu. Kalsiamu ya nyongeza ina nafasi yake wakati wa kunyonyesha, kwa mbwa aliyewahi kuugua, na kwa kipimo cha daktari. Mbwa anayenyonyesha kwa ugali na mchuzi mtupu hali chakula kamili. Akifika wiki ya tatu anahitaji mara mbili hadi nne ya chakula chake cha kawaida. Dagaa wazima, pamoja na mifupa yao, wanamfaa kuliko mapande ya nyama isiyo na mfupa.

Kuna mbwa wanaouawa kwa ugonjwa huu bila ugonjwa wenyewe kuwaua. Jirani anaona mbwa anatoka mate, anatetemeka, macho yamemtoka, anasema ni kichaa, na mawe yanaanza. Kichaa cha mbwa kipo kwetu na kinaua watu, kwa hiyo hofu ni halali: usitie mkono mdomoni, usiguse mate yake, na kama hana chanjo mwambie daktari kabla hajamshika. Lakini mama mwenye chanjo, ananyonyesha watoto wa wiki tatu, na amekakamaa miguu, aonwe na daktari kwanza.

Ukimpigia daktari, jina la ugonjwa liache. Mwambie amezaa lini, ananyonyesha wangapi, kipimajoto kinasoma ngapi, na anatembeaje. "Ana homa ya maziwa" itamfanya akuulize yote hayo upya, wakati mbwa anakakamaa.