Je, wajua? Si kila tumbo linalochoma ni alsa

Kaa nusu saa tu kwa kemisti yoyote hapa Kondele, Kisumu, hasa jioni watu wakitoka kazi, utaskia mtu akisema "daktari, nipatie dawa ya alsa". Hasemi inamuuma wapi wala saa ngapi, ni alsa tu basi, yaani kidonda cha tumbo, anapewa omeprazoli ya kupunguza asidi, analipa na mpesa, anaenda. Mwezi uliopita nilikuwa kwa laini nyuma ya jamaa wa boda na yule dada wa kaunta siku hiyo hakuwa na haraka, badala ya kushika dawa akamuuliza, "Kaka, kwani mgongo unakusumbua?"

Jamaa akashtuka kidogo, huyu sasa ni mganga ama? Akasema eeh, hizi mashimo za barabara zimemmaliza, so yeye humeza diklofenaki, dawa ya maumivu, moja asubuhi kabla atoke na ingine usiku, karibu miezi tatu sasa, na asubuhi hiyo huwa hajakula kitu. Dada akamwambia hiyo ndio inakuchoma.

Alijuaje? Ukiifikiria, tumbo lenyewe ni kitu cha ajabu, linatoa asidi kama lita moja na nusu hivi kwa siku, asidi kali ya kuyeyusha nyama, na bado halijiyeyushi. Linajikinga na ute mzito unaopakwa ndani kama vile mtu anapaka sufuria mafuta. Kuna kemikali mwilini zinaitwa prostaglandini ambazo ndizo zinaambia tumbo litoe huo ute, na hizo hizo prostaglandini ndio huleta maumivu na uvimbe mgongoni. Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, zote kazi yao ni kuzizima. Zinazima mgongoni, zinazima na tumboni pia, dawa haina macho. Ute unapungua, asidi inagusa nyama. Ndio maana dada aliuliza mgongo kwanza. Parasetamoli haina hiyo shida kivile, lakini watu wanaidharau ati ni ya watoto.

Hiyo ni njia moja ya kupata kidonda cha kweli. Ile ingine ni mdudu, Helicobacter pylori, watu wa maabara wanamwita tu pailori. Zamani madaktari walikuwa wanaamini alsa ni stres na pilipili, hadi hawa Waaustralia wawili wa Perth, Robin Warren na Barry Marshall, wakasema hapana, ni bakteria. Watu wakawacheka. Marshall akaona isiwe tabu, mwaka wa 1984 akachukua hao bakteria akawanywa yeye mwenyewe. Baada ya siku chache akaanza kutapika, mdomo unanuka, kamera ikaingia tumboni ikakuta limevimba na kuwa jekundu. 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Sasa angalia vizuri hapo, alipata uvimbe, hakupata kidonda. Hapo ndio watu wetu wanachanganyikiwa. Karibu nusu ya watu duniani wako na huyo mdudu, na kwetu Afrika ni wengi zaidi, na wengi wao hawatawahi kupata kidonda maisha yao yote. So ukipimwa ukaambiwa pailori pozitivu hujaambiwa una alsa, umeambiwa una mdudu. Mengine yanataka kamera.

Na kama unaenda kupima, kuna kitu kinaharibu majibu sana. Ukiwa unameza omeprazoli mdudu anajificha, kipimo cha choo kinaweza kusema huna wakati unaye, inafaa uwe umeiacha wiki mbili, na antibiotiki wiki nne, ila kuacha dawa uliyoandikiwa ongea na daktari kwanza. Kile kipimo cha damu nacho kinaangalia kinga, inaweza kubaki pozitivu hata mdudu alishakufa kitambo. Alafu hiyo omeprazoli yenyewe wengi tunaimeza vibaya, unangoja tumbo lichome ndio unameza, wakati inataka nusu saa kabla ya chakula cha asubuhi, juu inazima pampu za asidi zile ambazo chakula kinaziamsha.

Sasa wale wengine ambao si mdudu, si diklofenaki? Wengi ni kiungulia tu. Kati ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni, na tumbo kuna msuli unaobana kama mdomo wa kiondo ukivutwa kamba, ukilegea asidi inapanda juu, unaskia moto nyuma ya mfupa wa kifua na maji machungu kooni. Mtu wa hii utamjua kwa saa. Anakula saa nne usiku, ugali kubwa na samaki ya kukaanga ikiogelea kwa mafuta, saa nne na nusu amelala chali. Mafuta yanachelewesha tumbo kujitoa, tumbo limejaa, mtu amelala flati, unategemea nini? Lalia upande wa kushoto, tumbo letu limekaa kushoto kwa hivyo ukilala hivyo asidi inabaki chini ya ule mlango. Na mito mitatu haisaidii vile watu wanafikiria, inakukunja tu katikati, afadhali matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa. Maziwa baridi yanapoza dakika chache, baadaye yanaamsha asidi ingine. Mama wajawazito nao wanaungulia sana, homoni zinalegeza huo msuli na mtoto anasukuma kutoka chini.

Kisha kuna kundi kubwa ambalo linapigwa kamera na hakuna kitu kinaonekana, tumbo safi kabisa, na bado mtu anashiba baada ya matonge matatu, anajaa gesi, anachomwa. Hawa hawadanganyi. Mishipa ya fahamu ya tumbo lao ni nyepesi, au tumbo halinyooki vizuri chakula kikiingia. Wanaishia kuzunguka kemisti moja hadi ingine wakitafuta dawa ya kidonda ambacho hakipo.

Kichefuchefu ni hadithi yake kivyake. Huku kwetu kando ya ziwa roho ikichafuka na mwili una joto, pima malaria kabla ya kulaumu chakula. Mwanamke akiwa amekosa mwezi, kipimo cha mimba ni bei ya chini kuliko dawa ya alsa. Na ukipanda matatu ya Nandi Hills ukiangalia simu kwa zile kona, masikio ya ndani yanaambia ubongo tunazunguka, macho yanasema tumekaa, ubongo unakasirika. Weka simu, angalia mbali.

Lakini hebu tazama hiki Kiswahili chetu. Hapo juu ya kitovu chini ya kifua tunapaita chembe cha moyo. Ukitaka kutapika, moyo unachafuka. Wazee waliweka moyo na tumbo chumba kimoja, na kusema ukweli hawakukosea, juu neva zao zinaingia pahali karibu karibu, kwa hivyo ubongo unachanganya. Mshtuko wa moyo unaweza kuja kama gesi tu kwa chembe cha moyo, hasa kwa mama na watu wa sukari. Ikiuma ukipanda ngazi na kutulia ukipumzika, au ije na jasho baridi, pumzi fupi, mkono au taya kuvuta, wacha mambo ya magadi na soda, enda hospitali saa hiyo. Na usidanganyike ati umebeua ukaskia poa kwa hivyo si moyo.

Maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu baada ya nyama ya mafuta, fikiria nyongo. Yanayochoma hadi mgongoni kwa mtu wa chang'aa, kongosho.

Kuna dalili moja hapa magharibi hatupaswi kuichezea, nayo ni chakula kukwama. Ukanda wetu huu, kuanzia Bomet kupanda hadi Eldoret, saratani ya umio ni nyingi kuliko sehemu nyingi duniani, Hospitali ya Tenwek pale Bomet imeshughulikia wagonjwa wake miaka mingi. Inaanza polepole sana. Mzee anaanza kuchovya kila tonge kwa supu, kisha nyama anaikataa ati haina ladha, baadaye ni uji tu, mpaka maji yenyewe yanakataa. Nyumbani wanasema ni uzee. Shirika la utafiti wa saratani la WHO lilisema 2016 kwamba vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vinachangia, na sisi wote tunajua chai ya huko inanyweka vipi, ikitoka jikoni bado inachemka.

Kutapika damu au kitu kama kahawa iliyosagwa, kukonda bila sababu, kuishiwa damu, kuanza haya matatizo ukiwa na umri mkubwa na hukuwahi kuwa nayo, zote ni za daktari, si za kaunta.

Turudi kwa laini. Dada alimuuliza yule jamaa swali la pili, kwa sauti ya chini lakini tuliskia wote, "Na choo? Ni rangi gani?" Juu kidonda kikitoa damu, damu inapita matumbo yote na kutoka nyeusi tii, nzito kama lami, na inanuka vibaya. Vidonge vya kuongeza damu pia hufanya choo iwe nyeusi, hiyo alimuuliza pia, akasema hamezi. Jamaa akatuangalia sisi nyuma, akacheka kwa aibu. "Sista, choo yetu ni ya shimo, na taa haina. Nani huangalia?"

"Kesho enda na tochi ya simu," dada akamwambia, "ukipata nyeusi usirudi hapa, pitiliza hospitali."

Akanunua parasetamoli ya mgongo, akavaa helmeti, na omeprazoli ikabaki pale kwa kaunta.