Jeki pointi ni nini, na spea (tairi la akiba) inatakiwa ikae vipi kwenye gari ndogo

Gari ndogo kama Vitz, Passo au IST huwa haiinuliwi popote tu unapoona pana chuma. Chini ya milango kuna ule ukingo wa bodi unaotoka tairi la mbele mpaka la nyuma, na kwenye ukingo huo kuna sehemu nne, mbili kila upande, ambazo zimetengenezwa kwa ajili ya jeki. Hizo ndo jeki pointi. Chuchumaa na tochi ya simu uangalie, utaona mshono wa bati umekatwa mikato miwili midogo, nyuma kidogo ya tairi la mbele, na mbele kidogo ya tairi la nyuma. Kichwa cha jeki kinakaa katikati ya hiyo mikato miwili, na ule mfereji ulioko juu ya jeki kazi yake ni kuumeza mshono ili usiteleze.

Sasa kwanini hapo tu? Hizi gari hazina chesisi kama ya lori au Land Cruiser, mzigo wote unabebwa na bodi yenyewe, yaani mabati yaliyokunjwa na kuunganishwa pamoja, na pale kwenye pointi bati limeongezewa nguvu ila pembeni yake ni jembamba. Vitz ina uzito wa karibu kilo 1000 ikiwa tupu, injini iko mbele, kwa hiyo ukiinua kona moja ya mbele jeki inabeba kilo 300 na kitu juu ya kichwa kisichozidi upana wa kiganja. Ukiiweka sakafuni mwa gari bati linazama ndani, ukiiweka kwenye sampo ya oili (beseni la oili chini ya injini) au kwenye gia boksi unaweza kupasua kitu kitakachokugharimu mara nyingi zaidi ya tairi, na mbaya kuliko vyote ni kwamba bati likikunjika ghafla jeki inalala na gari inashuka. Nimeona gari nyingi za hapa Dar mshono umepinda kabisa kwa sababu ya kuinuliwa hovyo kwenye vijiwe vya pancha, na ukishapinda hivyo jeki haikai tena sawasawa hata siku unayofanya vizuri. Kwahiyo usione aibu kumuonyesha fundi pancha pa kuweka jeki, gari ni yako.

Kingine ambacho naomba kieleweke vizuri: ile jeki ya mkasi inayokuja na gari ni ya kuinua kwa dakika chache ubadilishe tairi, sio ya kushikilia gari mtu akiwa chini yake. Kitako chake ni kidogo, gari ikisogea hata sentimita chache inaegemea upande na ikishaegemea hairudi. Usiingize kichwa, mkono wala mguu chini ya gari iliyo juu ya jeki peke yake, hata kama ni kuokota nati iliyobingirika huko, vuta na kijiti. Kazi ya kuingia chini inataka jeki stendi mbili (vile vyuma vya kushikilia gari ikishainuliwa) na sehemu ya sakafu ngumu, basi.

Sasa kuna hili la P (gia ya kupaki kwenye gari ya automatic) na hendibreki ambalo watu wengi wanalichukulia poa. Gari nyingi ndogo zinavutwa na matairi ya mbele. Ukiweka P unafunga gia boksi, na gia boksi inashika matairi ya mbele kupitia difu (ile gia inayoruhusu tairi la kushoto na la kulia kuzunguka kwa mwendo tofauti), lakini ukishainua tairi moja la mbele likawa hewani liko huru kuzunguka, na hilo likiwa huru basi mwenzake aliye chini naye anaweza kubingirika, yaani P iko pale ila haishiki kitu. Kinachokushikia gari hapo ni hendibreki peke yake kwa sababu yenyewe inashika nyuma. Ukiinua tairi la nyuma mambo yanageuka, P inashika mbele vizuri ila hendibreki imebaki na tairi moja tu. Ndo maana unaweka vyote viwili (kwa manual unaacha gia namba moja badala ya P) alafu unaziba kwa jiwe kubwa au kigingi lile tairi la kona ya kinyume, ukiinua mbele kushoto basi unaziba nyuma kulia, mbele yake na nyuma yake. Kama hendibreki yako imelegea na unajua imelegea, hilo jiwe sio hiari.

Mahali pa kusimama nako kunataka akili. Mlimani hapafai, kwenye kona hapafai, mchanga na tope hapafai. Ni bora ujikokote pole pole na tairi limelala mpaka upate sehemu tambarare na iliyo mbali na lami, hata kama mpira utaharibika, kuliko kupiga magoti mita moja kutoka kwenye mabasi ya mkoani. Barabara ya Morogoro kwenda Iringa inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kama kilomita 50, huko usishuke kabla hujaangalia pande zote, maana tembo na nyati wanavuka hapo. Washa hazadi, weka trayango nyuma mita 50 au zaidi, na abiria wote washuke wasogee mbali na barabara, sio wakae ndani wakati gari iko juu. Ardhi ikiwa laini weka kipande cha ubao mnene chini ya jeki, ubao wa kawaida wa mafundi seremala unatosha, na mimi naona kila gari inayosafiri mikoani iwe nao kwenye buti.

Kabla hujainua, legeza nati nusu mzunguko wakati tairi bado liko chini, maana likiwa hewani ukivuta spana kwa nguvu unatikisa gari yote juu ya jeki. Toa spea mapema uilaze chini ya ukingo wa gari karibu na jeki, ili jeki ikigoma gari iangukie tairi na sio wewe. Ukishatoa tairi bovu linaenda kulala pale pale ilipokuwa spea. Inua mpaka upate nafasi zaidi kidogo, kwa sababu spea yenye upepo ni ndefu kuliko tairi lililolala. Nati zinarudi na upande uliochongoka ukiangalia rimu, unazianza kwa mkono, unazikaza kwa kuruka kama msalaba, unashusha gari, ndo unamalizia kukaza kwa nguvu. Nguvu yenyewe sio ya kupanda juu ya spana na kuruka: Toyota ndogo nyingi zinataka 103 Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), kwa spana yenye mkono wa sm 25 hiyo ni kama kusukuma kilo 42 hivi. Ukizidisha sana stadi (bolti ambazo nati zinafungwa juu yake) zinakatika, labda sio leo. Ukienda kilomita 50 hivi simama uzipime tena.

Kuhusu spea yenyewe. Gari nyingi za Japani zinakuja na ile spea nyembamba, imeandikwa ubavuni kabisa: upepo 420 kPa yaani 60 psi, mwendo usizidi 80 km/h. Hiyo 60 ni karibu mara mbili ya tairi la kawaida linalojazwa 33 hivi, na hapa ndo wengi wanaumia, fundi anaijaza 30 kama mengine alafu siku ya siku inalala. Ni ya kukufikisha kwenye pancha, sio ya kwenda Mwanza. Likipasuka tairi la mbele na una muda, chukua zima la nyuma ulipeleke mbele na spea nyembamba ikae nyuma, kwa sababu mbele ndo kuna usukani, breki nyingi na difu ambayo haipendi matairi mawili yenye vimo tofauti.

Spea ikae kwenye shimo lake chini ya kapeti la buti na ile bolti yake ya katikati ikazwe. Spea kubwa ina kilo 15 hivi, ukiiacha wazi nyuma ya siti za IST siku ya kugonga inakuja mbele na mwendo wote wa gari. Spana, mkono wa jeki na funguo ya nati za loki (kama rimu zako zinazo) vikae humo humo. Pima upepo wake kila unapopima mengine, maana spea inapoteza upepo hata ikikaa tu bila kutumika.

Kuna gari kama Aqua nyingi ambazo hazina spea, zina kompresa ndogo na chupa ya gundi. Hiyo inaziba tundu la msumari kwenye sehemu inayokanyaga chini, ubavu ukichanika haisaidii kitu, na gundi ina tarehe ya kuisha. Wengi wanatafuta spea ya mtumba Ilala au Gerezani na ni uamuzi mzuri, ila soma namba nne za mwisho za DOT (msimbo ulioandikwa ubavuni mwa tairi), 2309 maana yake wiki ya 23 mwaka 2009, na tairi lililopita miaka 10 liache hata kama lina meno mapya. Alafu nunua na jeki, kwa sababu iliyokuja bila spea mara nyingi haina jeki pia, na siku hiyo hiyo ifunge hiyo spea mbele na nyuma ukiwa nyumbani uone nati zinaingia, na rimu haigusi kalipa ya breki (kile chuma kinachobana disk ya breki) ukiizungusha.