Shule ya Kanisa si ya Wakristo peke yao

Wazazi wengi wanaohamia Uingereza huamini kwamba shule ya msingi ya Kanisa la Anglikana haipokei mtoto Mwislamu au Mhindu. Si kweli. Zipo zinazotanguliza waumini nafasi zikiwa chache. Nafasi zikibaki, haziruhusiwi kumkataa mtoto kwa sababu ya dini yake. Isitoshe, tangu Sheria ya Elimu ya 1944, mzazi ana haki ya kumtoa mwanawe kwenye ibada na somo la dini.

Je, Ukristo unapungua hapo? Hasha! Kumbuka Msamaria Mwema, mfano wa Biblia: Yesu alimsifu mgeni aliyedharauliwa na Wayahudi kwa kumhurumia majeruhi asiye wa kabila lake. Mtoto anayempisha mwenzake mwenye hijabu kwenye foleni ya chakula anaishi hadithi hiyohiyo, na mwenzake habadilishwi dini.