Nakala Nne za Kitabu Kimoja

Mwezi uliopita nilimwita fundi seremala anitengenezee rafu ya tano, kwa sababu zile nne za mwanzo zimejaa na vitabu vilivyokosa nafasi vimeanza kulala chini ya kitanda. Alipokuwa akivipanga sakafuni ili apime kimo chake, alikuta nakala nne za riwaya moja, akaniuliza kwa adabu, "Mama, hizi tatu nizitenge za kugawa?" Nilimwomba azirudishe zilipokuwa. Hakubisha, lakini usoni niliona kwamba ameniweka katika kundi la wazee wasioweza kuachana na vitu. Siku ile mvua ilikuwa inakuja na mbao zake zilikuwa nje, hivyo hatukupata nafasi ya kuzungumza, nami nimeona ni vyema jibu langu niliandike hapa.

Nilikuwa mkutubi wa shule ya sekondari hapa Mwanza mpaka nilipostaafu, na kwa miaka yote hiyo niliishi na vitabu vya aina mbili, vya shule na vyangu, ambavyo nilivitendea kwa namna mbili zisizofanana. Kitabu cha shule kipo ili kiishe. Kiada au ziada, kikirudi mezani kwangu baada ya miaka mitano kikiwa bado kinang'aa, niliona aibu, kwa maana hakuna mwanafunzi aliyekigusa. Vitabu vyangu nilivinunua ili vikae. Hata hivyo sikuwahi kutafuta vitabu visafi, na hapo ndipo ninapotofautiana na wakusanyaji wengi ninaowafahamu, ambao wakiona jina la mtu limeandikwa kwa kalamu kwenye ukurasa wa kwanza hukirudisha kitabu kwa muuzaji. Mimi nakusanya nakala. Kitabu ni kile alichokitunga mwandishi, na kinaweza kuwa kilekile popote kilipo. Nakala ni karatasi hizi hasa, zilizopigwa chapa mwaka fulani, zikauzwa mahali fulani, zikapita katika mikono ya watu fulani, na kila mmoja akaacha alama yake.

Nakala iliyoandikwa namba 1 katika kaunta buku langu niliirithi kwa mama. Kati ya mwaka 1968 na 1972 Serikali yetu pamoja na UNESCO waliendesha katika mikoa ya ziwa, yaani Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi ambayo sasa ni Kagera, mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliokuwa na makao yake hapa Mwanza. Watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyohusu kazi zao wenyewe: pamba, migomba, ng'ombe, uvuvi, matunzo ya nyumba. Sisi tulikaa upande wa Magu na tulilima pamba, kwa hiyo mama alipewa kitabu cha pamba. Jalada lake halipo tena, na kurasa za mwisho zimeliwa na mchwa, lakini pembezoni mwa kurasa zilizobaki ameandika jina lake kwa penseli, mara nyingi mno, na mtu akizifunua kwa mfuatano anaona jinsi herufi zinavyozidi kunyooka. Aliziweka karatasi hizo katika sanduku la bati pamoja na vitenge vyake na kadi za kliniki. Hakuna muuzaji atakayenipa hata shilingi mia mbili kwa nakala hiyo.

Nilipoanza kazi ya ukutubi nilitafuta kitabu kama hicho katika kila maktaba niliyoingia, nikakikosa. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo limeongoza manunuzi yangu tangu wakati ule, kwamba kitabu kilichochapwa kwa wingi sana ndicho kinachotoweka kwanza, kwa kuwa kila nyumba inacho na hakuna anayeona haja ya kukitunza. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ilikuwa ghali, ikawekwa kabatini, na mpaka leo unaweza kuipata. Vitabu vya kusomea vya watu wazima vilifungiwa karanga.

Sasa nirudi kwenye zile nakala nne. Ni za *Rosa Mistika*, riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944. Ya kwanza ilitolewa mwaka 1971 na East African Literature Bureau, shirika lililoanzishwa mwaka 1948 na likaja kuwa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, na sehemu ya shirika hilo iliyokuwa Nairobi ikageuzwa kwa sheria kuwa Kenya Literature Bureau mwaka 1980. Ndiyo sababu nakala yangu ya pili na ya tatu, ambazo maneno yake ni yaleyale, zina jina la mchapishaji mwingine. Anayetaka kujua habari za kuvunjika kwa Jumuiya anaweza kusoma vitabu vya historia. Mimi naionyesha kwa kuweka nakala mbili mezani na kufungua ukurasa wa haki, unaotaja mchapishaji na mwaka. Nakala ya tatu naiweka kwa ajili ya maandishi ya mwanafunzi asiyejulikana, ambaye ametumia kalamu nyekundu kumgombeza baba yake Rosa, mhusika mkuu, ukurasa baada ya ukurasa. Riwaya hiyo iliwahi kuzuiwa mashuleni kabla ya kuja kuwa kitabu cha kufundishia, kwa hiyo hasira zile naziona kuwa ushahidi wa namna ilivyosomwa ilipofika mikononi mwa wale waliokusudiwa. Ya nne haina jalada wala ukurasa wa haki, na imeshonwa mgongoni kwa uzi wa nyavu, kwa fundo la wavuvi. Nilipewa na mama mmoja muuza dagaa pale Kirumba, ambaye hakukumbuka ilifikaje nyumbani kwake.

Wasomaji vijana huniuliza jinsi ya kutambua umri wa kitabu. Anza na ukurasa wa haki, ulio nyuma ya ukurasa wa jina, na usichanganye toleo na chapa. Toleo jipya lina mabadiliko ndani ya maandishi. Chapa mpya ni kurudia kupiga yaleyale. Wachapishaji wetu hawakuwa waangalifu sana katika kutenganisha maneno haya mawili, hivyo hesabu kurasa na ulinganishe. Mfano mzuri ni tafsiri ambazo Mwalimu Nyerere alizifanya za tamthilia za Shakespeare: ile ya mwaka 1963 iliacha jina la Julius katika sura yake ya kigeni, lakini iliporekebishwa na kutolewa tena mwaka 1969 iliitwa *Juliasi Kaizari*, na anayedhani kwamba akiwa na moja ana zote mbili atakuwa amekosea.

Kama ukurasa wa haki umechanika, tafuta ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, kwenye jalada la nyuma. Zikiwa tarakimu 13, nakala hiyo haikutangulia sana mwaka 2007, ulipoanza utaratibu huo. Zikiwa 10 ni ya zamani zaidi. Na kama hakuna namba kabisa, mara nyingi unashika kitabu cha kabla ya katikati ya miaka ya 1970 au kilichochapwa na misheni au idara ya serikali. Tarakimu za kwanza, au zile zinazofuata 978, zinataja nchi: 9976 na 9987 ni Tanzania, 9966 ni Kenya, 9970 ni Uganda. Baada ya hapo gusa karatasi. Karatasi duni iliyotengenezwa kwa mti uliosagwa tu hugeuka rangi ya chai kuanzia kingoni kwenda ndani, na ukiikunja kona inakatika kama kaukau.

Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya vitabu viwili ambavyo ni kimoja. Aniceti Kitereza, Mkerewe aliyezaliwa mwaka 1896, alimaliza kuandika riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mtu wa kuichapa kwa sababu lugha yenyewe ina wasemaji wachache. Aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa katika juzuu mbili zenye mwaka 1980, kwa jina la *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali*. Yeye alifariki mwaka 1981. Juzuu ya pili niliipata Nansio, katika duka la vifaa vya baiskeli, ikiwa imewekewa chuma juu yake ili bati la paa lisipige kelele. Mwenye duka alinipa bure kwa sharti kwamba nimletee tofali. Nilimletea. Ya kwanza niliitafuta miaka kumi na mmoja, nikaja kuiona Makoroboi, imetandazwa chini juu ya turubai kati ya vitabu vya hesabu vya darasa la saba. Muuzaji aliona mikono yangu inavyotetemeka, akapandisha bei papo hapo. Sikumlaumu, kwani kujizuia ndiyo sehemu ya ufundi huu ambayo sijaimudu mpaka leo. Juzuu hizo mbili hazifanani hata kidogo, moja imefifia kwa jua na nyingine ina harufu ya grisi, nami nimeziacha hivyo hivyo.

Liko jambo ambalo wakusanyaji wenzangu hawapendi nilitaje, nalo ni mihuri. Kitabu chenye mhuri wa shule au maktaba lazima kiwe pia na mhuri au maandishi ya kufutwa kwenye daftari la mali, pamoja na tarehe na sahihi. Kisipokuwa nayo, kitabu hicho bado ni mali ya wenyewe hata kama muuzaji anaapa, na wewe ukikinunua umenunua cha wizi. Nimewahi kurudisha vitabu vya namna hiyo mara kadhaa. Mara moja nilirudisha kimoja katika shule ambayo sitaitaja, na baada ya miezi mitatu nikakikuta kwa muuzaji yuleyule, kwa bei iliyoongezeka. Nami mwenyewe nina dhambi ya upande wa pili: mtaala ulipobadilika nilipewa orodha ya vitabu vya kufuta, nikaweka sahihi, vikapakiwa kwenye mkokoteni. Niliruhusiwa kununua vichache kwa stakabadhi. Nilichukua kumi na vinne, na ile stakabadhi ningali nayo.

Kuhusu mpangilio, wengi hutarajia kwamba mkutubi mstaafu atatumia mfumo wa Dewey nyumbani kwake. Nilijaribu. Mfumo huo, uliotolewa kwanza mwaka 1876, unaiweka fasihi yote ya Kiswahili katika namba moja, 896.392, nafasi inayotosha kwa maktaba ya Ulaya yenye riwaya zetu tano, lakini nyumbani kwangu namba hiyo peke yake ilijaza rafu mbili na nusu. Siku hizi napanga kwa mchapishaji, kisha kwa mwaka. Kwa hiyo *Rosa Mistika* iko mahali pawili, na ile iliyokosa ukurasa wa haki nimeiweka katika rafu ya yatima, ambako kuna yatima wengi.

Adui mkubwa hapa kwetu ni hewa. Nyumba yangu iko Isamilo, mlimani, na bado masika yanapoingia majalada ya kitambaa huota ukungu kwa wiki moja. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kuvu huamka, kwa hiyo dawa ni upepo: rafu isiguse ukuta, hasa ukuta unaoegemea jiwe, acha nafasi ya kiganja nyuma yake, na vitabu visibanane. Fundi wangu alishangaa nilipomwambia asiipigilie misumari ukutani. Ukungu ukishaota, kausha kitabu kwanza kivulini, halafu ufagie nje kwa brashi laini. Ukifuta kikiwa na unyevu unausugua ndani ya karatasi. Jioni za wale vijidudu wanaopaa kutoka ziwani kama moshi, zima taa ya chumba cha vitabu, kwa maana wakifa kati ya kurasa huacha doa la mafuta lisilotoka. Selotepu isitumike kabisa, kwani baada ya miaka michache gundi yake huwa kahawia na kuingia kwenye maandishi. Mchaniko naubandika kwa karatasi nyembamba na uji wa unga wa ngano, ambao unaweza kutolewa kwa maji, ingawa mende wanaupenda, kwa hiyo napaka kidogo sana.

Kwa wadudu waliokwisha kuingia ndani, njia salama ni baridi. Funga kitabu katika mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, kiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha ukiache siku nzima nje kabla ya kufungua mfuko ili kisitokwe na jasho. Mimi huazima friza ya jirani anayeuza sangara. Mara ya kwanza nilitumia mfuko mmoja tu, na kamusi yangu moja ilinuka samaki hadi Krismasi.

Rafu ya tano imekamilika na nusu yake iko wazi. Nafasi hiyo nimewatengea wenzake kitabu cha mama, vile vya migomba, vya ng'ombe na hasa vya uvuvi, pamoja na magazeti ya *Elimu Haina Mwisho* yaliyosambazwa vijijini katika kanda yetu baada ya mradi ule. Kama nyumbani kwenu, Sengerema, Geita, Musoma au Bukoba, kuna sanduku la bati la bibi ambalo halijafunguliwa siku nyingi, naomba mtazame chini ya vitenge. Hata nakala isiyo na jalada naipokea, na iliyoandikwa jina la mtu pembeni naipokea kwa furaha zaidi.