Mashine ya klorini ya chumvi: kinachodumu ni kipi?

Mashine ya klorini ya chumvi hutengeneza dawa ya bwawa la kuogelea kutokana na chumvi iliyoyeyushwa katika maji ya bwawa lenyewe. Kiasi kinachohitajika ni kidogo, gramu 3 hadi 4 kwa lita. Bahari ina takriban gramu 35. Maji yakitoka kwenye chujio hupita katika seli, yaani kipande cha bomba chenye mabamba ya chuma ndani yake. Umeme ukipita kati ya mabamba hayo, klorini hutoka kwenye chumvi. Ikishaua vijidudu hurudia hali yake ya chumvi, ndiyo maana chumvi haiishi kwa kutumika. Hupungua tu maji yakimwagika, chujio likioshwa, au, kwa sisi wa Kigoma, mvua za Novemba hadi Aprili zikifurisha bwawa.

Wanunuzi wengi huvutiwa na skrini na vitufe. Mimi nasema tazama mabamba kwanza, maana uhai wa mashine uko hapo. Mabamba mazuri ni ya titaniamu iliyopakwa oksidi za rutheniamu na iridiamu, na mpako huo hulika kadiri saa za kazi zinavyoongezeka. Kwa hiyo muulize muuzaji saa, usimuulize miaka. Seli ya saa 10,000 ikifanya kazi saa 8 kila siku itafika miaka mitatu na miezi kama mitano.

Ukubwa nao huamua uimara. Chukua bwawa la lita 50,000 na mashine inayotoa gramu 20 kwa saa: kwa saa 8 utapata gramu 160, sawa na miligramu 3.2 kwa lita. Kwa jua kali, hiyo inatosha kwa shida, na seli haipati nafuu hata siku moja. Nunua yenye uwezo maradufu uiweke kwenye nusu ya uwezo wake. Mabamba yatapumzika nusu ya muda. Hapa nisingebana matumizi kabisa.

Kwa Kigoma kuna jambo zito zaidi: maji. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH (kipimo cha asidi na alkali) inayokaribia 9, na yamebeba magnesiamu na bikaboneti kwa wingi. Bwawa linataka pH ya 7.2 hadi 7.8, na mashine yenyewe huipandisha pH inapofanya kazi. Usiposhusha kwa asidi mara kwa mara, mabamba hushika ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika, klorini ikapungua na mpako ukaharibika. Chagua mashine inayogeuza mkondo wa umeme yenyewe ili ukoko ubanduke. Ukibaki, loweka seli kwenye asidi iliyozimuliwa (asidi ndiyo imiminwe kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi). Anayekwangua kwa bisibisi anakwangua mpako aliolipia.

Umeme unaopanda na kushuka huua kisanduku cha kuendeshea, basi funga stebilaiza. Hakikisha pia mashine ina kihisi kinachoizima maji yasipopita, kwa sababu seli hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka ikijikusanya ndani ya bomba.

Chumvi haina haja ya kutoka mbali: Uvinza, humu humu mkoani Kigoma, imezalisha chumvi kutoka chemchemi zake kwa karne nyingi. Bwawa letu la lita 50,000 litahitaji kilo 175 hivi mwanzoni. Tafuta iliyo safi kwa asilimia 99 au zaidi, isiyotiwa madini joto. Yenye udongo au chuma huacha madoa ukutani. Lakini usiruhusu chumvi ishuke chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye mashine, maana mabamba hulika upesi zaidi.

Kabla ya kulipa, ulizia bei ya seli peke yake, na kama inapatikana nchini bila kununua mashine nzima. Muuzaji asipokuwa na jibu, nenda kwa mwingine.