Hivi "kumshtaki rais" ndo kumng'oa?

Asubuhi ya tarehe 19 Desemba 2019 nilifika kijiweni nimejaa habari. Usiku wa kuamkia siku hiyo Bunge la Wawakilishi la Marekani lilikuwa limepiga kura dhidi ya Donald Trump, basi mi nikatangaza kwa sauti kwamba jamaa kaisha, wameshamng'oa. Mzee mmoja ambaye huwa anakunywa kahawa yake bila maneno mengi akaniuliza, "Haya, na aliyeapishwa badala yake ni nani?" Nikabaki na kikombe mkononi.

Hakuna aliyeapishwa. Trump alikuwa Ikulu yake kama jana, na Februari 2020 Seneti ikamsafisha.

Kumbe impichi, yaani "impeachment" ya Kiingereza kama tunavyoitamka mtaani, sio kumtoa mtu, ni kumfungulia mashtaka basi, na mi nilikuwa nimekosea miaka yote bila kujua. Ukiitazama historia ya Marekani ndo unaona kosa lilivyo kubwa, maana marais waliofanyiwa hivyo ni watatu tu, Andrew Johnson mwaka 1868, Bill Clinton mwaka 1998 na Trump mara mbili, 2019 na 2021, na waliotolewa madarakani kwa njia hiyo ni sifuri. Johnson aliponea kura moja. Trump mara ya pili maseneta 57 walisema ana hatia na 43 wakasema hana, akapona vilevile kwa sababu zilitakiwa 67, tena wakati huo muda wake ulikuwa umeshaisha kwa hiyo walikuwa wanamhukumu mtu ambaye kiti hana. Na Rais Richard Nixon, ambaye mi ningeapa kabisa kwamba walimng'oa, alijiuzulu Agosti 1974 kabla Bunge zima halijapiga kura. Yaani niliyemdhani ndo mfano mkuu wa jambo hili, halikumpata.

Sasa cha ajabu Kiswahili kina neno lake sahihi, na tumelijua tangu utotoni. Watoto wawili wako sebuleni, kaka kavunja glasi, dada anasema "nitakushtaki kwa mama" na anakimbia jikoni. Hapo kushtaki kumeshafanyika, kumekamilika, hakuna kilichobaki, ila kaka bado yuko kwenye kochi anaangalia katuni. Mama anafuta mikono, anakuja, anauliza nani alikuwa wapi, anaangalia vipande, pengine anagundua ni paka. Anaweza kumchapa kaka, anaweza pia kumwambia dada aache umbea. Vyovyote itakavyokuwa, ukiulizwa kesho kama kaka alishtakiwa, jibu ni ndiyo. Kwa Marekani dada ni Bunge la Wawakilishi, yeye wingi wa kawaida wa kura unamtosha, na mama ni Seneti, ambayo bila theluthi mbili haigusi fimbo.

Tatizo linakuja kwenye vichwa vya habari, ambako kushtaki kunaonekana kupoa sana, kwa hiyo wanahabari wanachukua kumng'oa, kumbandua, kumtimua. Hivi ni vitenzi vya kazi iliyokwisha. Jino likishang'olewa liko kwenye sahani ya daktari, huwezi kusema limeng'olewa na bado unatafunia muhogo. Lakini Kenya tarehe 8 Oktoba 2024 wabunge 281 dhidi ya 44 walipitisha hoja dhidi ya Rigathi Gachagua, na kwa siku tisa zilizofuata mtu huyo "aliyeng'olewa" alikuwa Naibu Rais halali, mpaka Seneti ilipokaa tarehe 17 ikakubali mashtaka matano kati ya 11. Na hata hapo mambo yalikwenda mahakamani kwanza, Kithure Kindiki akaapishwa badala yake tarehe 1 Novemba. Ila anayenifurahisha zaidi ni Kawira Mwangaza aliyekuwa gavana wa Meru: bunge la kaunti lilipiga kura ya kumwondoa mwaka 2022, likapiga tena 2023, likapiga tena 2024, na Seneti ilikuja kukubaliana nalo hiyo mara ya tatu tu. Kwa lugha ya vichwa vya habari, jino moja liling'oka mara tatu.

Kushtaki nako hakuna raha yote, kusema kweli. Ni neno pana mno. Mwaka 2023 Trump alishtakiwa tena, safari hii na waendesha mashtaka wa jinai, kesi ambazo hazihusiani na Bunge hata kidogo, na msomaji wa Kiswahili aliyeona tu "Trump ashtakiwa" asingejua ni Bunge, ni mwendesha mashtaka au ni mtu binafsi anadai fidia. Kwa hiyo siwalaumu sana waandishi.

Halafu mfano wangu wa dada na mama haufiki kila nchi. Korea Kusini, Bunge likishashtaki tu rais anawekwa pembeni akisubiri Mahakama ya Katiba, ndivyo ilivyokuwa kwa Yoon Suk Yeol kuanzia Desemba 2024 mpaka alipoondolewa Aprili 2025. Na Tanzania? Ibara ya 46A ya Katiba inatumia neno lilelile la watoto, kumshtaki Rais, na hoja ya kuunda kamati ya uchunguzi ikipita, Rais anahesabiwa hayupo kazini. Lakini hatuna Seneti, Bunge lililoshtaki ndo linarudi kuamua kwa theluthi mbili. Ibara hii haijawahi kumng'oa mtu. Nilipomweleza yule mzee akacheka, akauliza kama dada na mama ni mtu mmoja, vipande vya glasi anakagua nani. Nikamwambia kamati ya watu tisa, mwenyekiti Jaji Mkuu, na imepewa siku 90.