Sanamaki, kitambi na bakteria wa utumbo: dhana na ukweli

Dhana iliyokita mizizi hapa Mombasa, hasa sikukuu zinapopita, ni kwamba mtu akinywa sanamaki au haluli akaendesha, uchafu hutoka tumboni pamoja na mafuta na kitambi kikapungua. Ukweli ni kwamba sanamaki hufanya kazi katika utumbo mpana, ilhali sukari na mafuta ya mahamri yalikwisha kufyonzwa katika utumbo mwembamba. Uzito unaopungua ni wa maji na kinyesi, nao hurejea upesi. Tena huo unaoitwa uchafu ni maskani ya bakteria wanaokadiriwa kufikia trilioni 38, takriban sawa na idadi ya seli za mwili wenyewe. Wengi wao hawana madhara, na wapo wanaochachusha nyuzinyuzi tusizoweza kuzimeng'enya, wakatoa asidi kama butireti, ambayo hulisha seli za ukuta wa utumbo mpana.

Wapo pia waliosikia habari za bakteria hawa wakahitimisha kwamba unene hautokani na chakula tena. Hapa pana ukweli nusu. Mwaka 2006, kundi la mtafiti Jeffrey Gordon katika mji wa St. Louis, Marekani, lilionyesha kwamba panya waliokuzwa bila bakteria, wakipandikizwa bakteria wa panya wanene, huongeza mafuta mwilini kuliko wanaopewa wa panya wembamba. Mwaka 2013 maabara hiyo iliwapandikiza panya kinyesi cha mapacha wa binadamu, mmoja mnene na mwenziwe mwembamba, ikapata matokeo ya namna hiyo hiyo. Panya wa makundi hayo mawili walipowekwa pamoja (nao, tuwiane radhi, hula mavi ya wenzao), bakteria wa wembamba waliwahamia wengine wakawazuia kunenepa, lakini hilo lilitokea tu pale chakula kilipokuwa na mafuta machache na nyuzinyuzi nyingi. Sharti hilo ndilo wauzaji wa vidonge vya bakteria hulinyamazia. Kwa binadamu, majaribio ya kupandikiza kinyesi cha watu wembamba yaliwahi kuboresha utendaji wa insulini kwa muda, ila uzito haukupungua.

Dhana nyingine hulaumu wanga wote kwa pamoja, hata mtu akaacha mbaazi kwa kuogopa kunenepa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na kikombe kimoja cha mbaazi zilizopikwa kina karibu gramu 11. Kunde na ndizi mbichi za kuchemsha nazo zina chakula cha bakteria. Kwa maoni yangu, penye kuhitaji kiasi katika mlo wetu wa asubuhi ni tui zito na mahamri ya unga mweupe yanayoandamana na mbaazi hizo.

Kuhusu gesi, ambayo huwafanya wengi waseme kunde na mbaazi zinaharibu tumbo, kwa kawaida ni zao la uchachushaji huo huo, na hupungua mtu akiongeza kiasi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa huku akinywa maji ya kutosha. Mwenye maumivu makali, damu katika choo au kukonda bila sababu amwone daktari.